Tisa na Nne

Profesa, ambaye shule ya mwisho kuimaliza ilikuwa ya udereva, alikwenda kwa fundi cherehani kubadilishiwa zipu. Akamkuta fundi ameegemeza simu kwenye boksi la vifungo, anacheza karata za poka mtandaoni. Zipu ikasahaulika.

"Dada, mchezo unaujua," alisema. "Unapotea mahali pamoja tu: lini uweke pointi zote kabla karata za mezani hazijafunuliwa. Hapo ndipo watu wanapozikwa. Mimi uamuzi huo naufanya kwa hesabu."

"Hesabu gani?"

"Ndefu."

Fundi aliitamani cherehani ya umeme. Miguu yake ilikuwa ikikanyaga pedali tangu usichana. Zawadi ya mashindano ya poka ya Jumamosi ingetosha kuinunua, lakini ni ya mshindi peke yake. Wa pili hupewa pongezi. Akalipa ada ya ushauri. Kwa ada hiyo Profesa akajiandikisha katika mashindano hayo hayo, kwa jina la Kobe Mpole. Mtu asiseme pesa ya fundi haikufanya kazi.

Jumamosi mchana walikaa bega kwa bega, kila mtu na simu yake. Ya Profesa, alieleza, ilikuwa ya kupigia hesabu, ndiyo maana aliifunika kwa kiganja. Karata za fundi aliziona zote.

Wachezaji wanane wakabaki watatu. Fundi akapata jozi ya kumi. Kobe Mpole akaweka zote.

"Tupa," alisema Profesa.

"Kumi mbili, Mwalimu?"

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tupa."

Akatupa, na pointi alizokwisha weka zikaenda kwa Kobe Mpole. Ikaja jozi ya nane, akaambiwa atupe tena. Mara ya tatu fundi hakutazama karata. Alitazama kidole gumba cha Profesa. Kiligusa simu, na papo hapo Kobe Mpole akaweka zote.

Fundi akatupa bila kuambiwa. Mdomoni alikuwa na pini tatu.

Muda si muda akamtoa mchezaji wa tatu. Wakabaki yeye na Kobe Mpole, pointi nusu kwa nusu. Fundi akapata tisa na nne. Kobe Mpole akaweka zote.

"Tupa haraka. Hizo hata paka hachezei."

Fundi akaweka zote.

Zikafunuliwa karata za Kobe Mpole: nane na mbili. Kisha zikafuata za mezani, tano, Profesa akiziombea moja moja. Hakuna iliyomfaa yeyote. Karata kubwa ndiyo ikaamua: tisa ikashinda nane.

"Nani kakuambia uweke zote?" aliuliza Profesa.

Fundi akatoa pini mdomoni. "Wewe, Mwalimu. Anayeziona karata zangu hawezi kuniambia nitupe kama zake ndizo zinazoshinda."

Profesa akaizima simu yake. Alitamani kulia, lakini anayelia sharti awe na msiba, na yeye, kwa taarifa rasmi, hakuwa amepoteza kitu.

"Hongera, dada," alisema.

"Asante. Kobe naye umpe pole."