Malalamiko Juu ya Binti Mfalme na Mursik Yetu

Chepsaita,
Jumatatu.

Kwa Meneja,
Ukumbi wa Sinema, Eldoret.

Mheshimiwa Meneja,

Natumaini hujambo, na mitambo yako ya kuonyesha picha pia haijambo. Mimi nimeharibikiwa. Filamu yako ya binti mfalme aliyekataa kuolewa akaenda kuokoa msitu imeniingilia nyumba.

Mke wangu, Priscah, aliitazama juzi na akina mama wa kanisa. Jumamosi hii binti yetu Chepkirui anatua Eldoret, ameshinda marathoni ng'ambo, na wewe unajua mwanariadha wetu hapokelewi kwa soda. Ni mursik, maziwa yaliyolala siku kadhaa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa. Kuitengeneza ni kazi ya mama. Sasa sikia.

1. Priscah amegoma. Anasema kwa saa mbili nzima binti mfalme hakuosha kibuyu cha mtu yeyote. Nilimjibu kwamba binti mfalme hakuwa na ng'ombe. Haikunisaidia.

2. Mkaa wenyewe hutoka kwa mti wa senetwet. Nilipokwenda kukata kitawi, Priscah aliukumbatia mti huo mbele ya majirani. Bwana Meneja, mti niliupanda mimi!

3. Huyo mwokozi wa misitu anauza plastiki. Hapo mlangoni pako kuna mwanasesere wake, taji lake, mkoba wake na chupa yake ya pinki, kila kimoja kimefungwa ndani ya plastiki nyingine. Priscah alirudi na vyote vinne. Eti kibuyu kikinishinda, nitumie hiyo chupa. Mursik kwa chupa ya pinki! Na chifu atakuwepo, na pasta, na kamera.

4. Siku hizi naitwa mfumo dume, tena kwa upole, nikimiminiwa chai. Mimi nilibatizwa Ezekiel.

Kwa hivyo naomba, kabla ya Jumatano, maana maziwa lazima yalale, uonyeshe sehemu ya pili ambapo binti mfalme anaolewa na kuwasha jiko. Kama haijatengenezwa, wahimize wenye filamu. Ng'ombe wa kuigiza nitatoa bure.

Wasalimie wauza bisi wote, yule dada wa tiketi, na mama yako mzazi.

Ni mimi, ninayeumia kwa heshima,
Mzee Ezekiel Kipkemboi.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, wacha niseme yote. Chepkirui alipotaka kwenda kambi ya mazoezi Kaptagat, nilimfungia viatu kabatini, nikasema msichana wangu hatakimbia mbele za watu na kaptura. Priscah ndiye aliyevunja kabati. Ndiyo maana anataka mursik hii niitengeneze mimi, nimkabidhi mtoto kwa mkono wangu. Nimesugua kibuyu tangu asubuhi na ninaogopa sana. Filamu usiiondoe. Niambie jambo moja tu, maana Priscah amekataa kuniambia: yule mfalme, baba yake, mwishoni alisamehewa?