Stika Nyeupe na Mkojo wa Kulungu

Jumatano, 19 Novemba

Nimemwambia Duane aende kuwinda kwa amani. Nimemwambia asubuhi hii jikoni, kwa mamlaka kamili, chati mkononi: mwezi huu umeshapita, siku za kushika mimba zimekuja zimeondoka, ule ute wa Jumatatu ulikuwa mkia wake. Akauliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba mimi na chati hii hatufichani kitu. Akaenda kufunga soseji na suruali zake za sufu huku anapiga mluzi.

Chati nimefundishwa na Bi. Pelowski, muuguzi mstaafu, kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, Ijumaa, pembeni ya wanaokaanga samaki. Siku ya damu, stika nyekundu. Siku kavu, kijani. Siku ya ute, nyeupe yenye picha ya mtoto. Wengine wanaziita siku za hatari. Mimi nina miaka thelathini na minane, mwaka wa tatu huu tunajaribu, na hatari hiyo naitafuta kwa tochi.

Mchana kaja wifi Coreen na watoto wake wote. Dada yake Duane huyu. Yeye hajui chati wala stika, anapata mimba mumewe akipita tu na koleo la theluji. Kakiangalia chumba kidogo chenye karatasi ya bata ukutani, kasema baba yake atakipenda sana. Maana mkwe wangu, mzee Merlin, anataka kuhamia kwetu mwaka mpya, yeye na vichwa vyake kumi na moja vya kulungu vya ukutani. Duane hajamjibu bado. Chumba kile mimi ndiye niliyebandika bata wale, mmoja mmoja.

Jioni. Duane kaenda shifti ya usiku kiwanda cha jibini. Nimeingia chooni, nimeangalia kwa mazoea tu.

Loo! Ute!

Si ule wa Jumatatu, mzito kama gundi ya shule. Huu ni mwangavu, unateleza, ukiuvuta kati ya vidole unakuja tu, unakuja tu. Nimekaa pale nikiuvuta mpaka miguu ikafa ganzi. Mwili wangu mwenyewe, miaka yote hii, na sikujua una mambo kama haya! Bi. Pelowski anasema ufanane na ute wa yai bichi. Nimevunja mayai matatu kwenye bakuli ili nilinganishe. Wangu umeshinda.

Kwa hiyo asubuhi nilisema uongo kwa mamlaka kamili.

Alhamisi, 20 Novemba

Mpango ulikuwa rahisi. Duane arudi kazini, nimpokee na chai na tabasamu. Kwa bahati mbaya amefika na mzee Merlin tayari yuko nje kwenye pikapu, anapiga honi. Ni lazima wafike kambini mapema, wafagie panya, wawashe jiko. Kila mwaka hivyo tangu babu yake Duane.

Ningeweza kumwambia. Lakini jana nilisema kwa mamlaka, na mtu hawezi kubadili mamlaka mbele ya mkwe anayepiga honi. Nikaona bora nimzuie kwa akili. Nikaficha jaketi lake la rangi ya chungwa nyuma ya friza. Bila rangi hiyo sheria haikuruhusu kuingia msituni na bunduki, na Duane anaogopa sheria kuliko mimi.

Kalitafuta mpaka ndani ya oveni. Nikamsaidia kutafuta. Nikampa pole. Nilikuwa nimeshamshika mkono kumpeleka chumbani akapumzike kidogo na huzuni yake, wifi Coreen akaingia na jaketi la mumewe. Nani kamwambia? Mzee Merlin kampigia simu kutoka kwenye pikapu. Kalikabidhi huku ananikata jicho.

Wakaondoka. Kambini hakuna mtandao.

Ute umezidi. Leo ndio umevutika kuliko siku zote, kutoka kidole gumba mpaka sijui wapi. Nimebandika stika ya mtoto, nikapiga simu kwa Bi. Pelowski nimwambie nimefika kileleni. Kasema taratibu, mama. Kilele cha siku za mimba si siku ute unapovutika sana, ni siku ya mwisho ya utelezi, na huwezi kuijua mpaka kesho yake ukiamka umekauka. Nikamuuliza faida ya kilele unachokijua kikishapita ni nini? Kasema ndiyo maana siku zote za utelezi mume awe karibu. Kaongeza kwamba damu isipokuja zaidi ya wiki mbili baada ya kilele, nimpelekee chati. Hilo nimeliruka, halinihusu.

Ijumaa, 21 Novemba

Utelezi bado upo. Mume hayupo.

Nimezunguka nyumba nzima nikitafuta sababu ya kumfuata bila kuonekana namfuata. Mwanamke hafiki kambini wiki ya kufungua msimu, mzee Merlin anaamini mwanamke anazitia nuksi bunduki. Ndipo nikaiona kwenye rafu ya barazani. Chupa ya Duane! Mkojo wa kulungu jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, wa dukani, wanaumwaga chini ya mti ili madume yaje. Kaisahau katika vurugu za jaketi.

Nimekaa na chupa ile nikiwaza. Wanaume hawa wanajua siku ya joto ya kila kulungu jike wa Wisconsin. Wanajua kwa nyayo, kwa magome ya miti, kwa mkao wa mkia. Kesho msimu ukifunguliwa mume wangu atakuwa kaskazini juu ya mti, ananusa upepo kumtafuta jike aliye tayari. Na mimi niko hapa tayari na stika tatu.

Naenda. Mke mwema kampelekea mumewe chupa. Nani atasema neno?

Jumapili, 23 Novemba

Jana sikuandika. Jana!

Niliondoka kabla ya alfajiri. Kwenye kituo cha mafuta niliingia chooni nikaangalia haraka: utelezi upo, ila hauvutiki kama wa Alhamisi. Nikaendelea. Njia ya kuingia kambini ina barafu, nikakanyaga breki, gari likazunguka na chupa ikaruka kutoka kiti cha pembeni. Kifuniko kikatoka. Yote ikaniishia mapajani.

Jamani, ile harufu. Sitaielezea. Macho yalitoa machozi.

Kibandani hakukuwa na mtu, wote wako msituni. Ningesubiri, lakini siku za utelezi hazisubiri. Na huwezi kutembea msituni siku ya ufunguzi bila rangi ya chungwa, utarudi na risasi. Jaketi la chungwa nililokuwa nalo garini lilikuwa moja tu. Lile la nyuma ya friza. Nililichukua likiwa la tahadhari. Nikalivaa.

Nikafuata nyayo za Duane. Nikasikia theluji inavunjika nyuma yangu. Nikasimama, ikasimama. Nikatembea, ikatembea. Nikadhani ni mzee Merlin kaja kunifukuza, nikageuka na salamu tayari mdomoni.

Kulungu dume. Mapembe kama kiti cha kubembea. Kanyoosha shingo, kakunja mdomo wa juu, ananinusa mapaja. Sijawahi kutazamwa na kiumbe yeyote kwa matumaini makubwa namna ile.

Kumbe nilikuwa nimefika chini ya ulingo wa Duane. Nikasikia sauti yake juu mtini, ndogo sana, ananiambia nisisogee. Na kwenye ulingo wa pili, mzee Merlin, bunduki begani, anamwona dume mkubwa kuliko wote aliowahi kuwaona tangu azaliwe, na mbele yake mkwe wake kasimama katikati kabisa. Nikihama kushoto, dume anahama kushoto. Tulikaa hivyo mpaka nikapiga chafya. Dume akaruka gogo akaenda zake.

Mzee Merlin alishuka taratibu. Hakunitukana. Alivua kofia, akakaa kwenye gogo. Kisha akamwambia Duane anitoe msituni kabla madume yote ya wilaya hayajaunda foleni. Kibandani nisiingie. Nipelekwe baa ya Stosh nikaoge.

Njiani kwenye pikapu Duane alifungua madirisha yote. Halafu akaliangalia jaketi. Nikamwambia nimeliona nyuma ya friza, sijui lilifikaje. Akasimamisha gari kwenye njia ya wakata magogo.

"Arlys. Umekuja huku kufanya nini?"

Nilikuwa na uongo wa aina mbili tayari. Sijui nini kilinipata. Nikalia. Nikamwambia kwamba nilikosea chati, ute umekuja, nataka mtoto, nimechoka kuhesabu watoto wa wifi yangu, na kwamba vichwa vya kulungu vikiingia kwenye chumba cha bata nitakufa.

"Sasa si ungeniambia tu?" kasema. "Ningebaki nyumbani."

"Na siku ya kufungua msimu?"

"Kulungu wapo kila mwaka, mke wangu."

Akafunga madirisha. Mengine si ya shajara. Niseme tu kwamba Duane kasema harufu ile amekuwa akiinunua miaka yote bila kujua ni ya nini. Na kwamba nampenda.

Leo nimerudi nyumbani. Nimeamka nimekauka kabisa, kama mchele. Bi. Pelowski kanishika mlangoni mwa kanisa, kasema basi kilele kilikuwa jana, na kanitazama kwa namna fulani. Nimemwambia kwa heshima kwamba haiwezekani. Kilele kilikuwa Alhamisi, nilikiona kwa macho yangu, kilinyooka kama uzi. Jana sikuangalia vizuri, na mkojo wa kulungu umeharibu ushahidi. Siku ya jana nimeiacha bila stika. Ute ni wangu, ninaujua.

Nimekikosa kwa siku mbili. Mwezi mzima umeenda.

Alhamisi, 27 Novemba

Sikukuu ya Shukrani, kwa wifi Coreen. Habari zimefika kabla yetu. Stosh kamwambia mumewe Coreen, mumewe Coreen kawaambia wote. Watoto wananifuata ukumbini wamekunja midomo ya juu, wananusa. Mmoja kavaa matawi kichwani.

Mzee Merlin hajaniambia neno tangu Jumamosi. Leo kasema moja: mchuzi. Nikampa mchuzi. Akasema asante, kisha akapima mapembe ya yule dume kwa mikono miwili hewani, kuwaonyesha wageni, na machozi yakamlenga.

Nilimhurumia. Wakati wa kuosha vyombo nikamwambia chumba cha bata ni chake mwaka mpya. Nilisema kwa ukarimu kabisa. Wifi Coreen aliacha sahani izame kwenye povu. Kisha akanikumbatia na sabuni yote mikononi. Sikujua nifanye nini na wifi anayekumbatia.

Duane njiani aliniuliza kwa nini nimefanya hivyo. Nikamwambia chati haidanganyi, mwezi huu hakuna mtoto.

Jumamosi, 13 Desemba

Stika nyekundu zinanikera. Juzi nilibandua moja iwe tayari, gundi imekaukia kidoleni. Nimebandua nyingine. Damu nayo imeamua kunichezea, haijaja bado. Ni ile baridi ya msituni, iligandisha kila kitu.

Sijisikii vizuri kwa ujumla. Nimevunja yai asubuhi, nikauona ule ute wake, nikakimbilia chooni. Mimi niliyelinganisha mayai! Nadhani soseji za kulungu za mwaka huu hazikukaushwa sawasawa. Duane akirudi kazini na harufu ya jibini namwomba avulie nguo barazani. Jumapili nililala kanisani mdomo wazi. Jana nililia kwa tangazo la sabuni.

Mzee Merlin kaleta kichwa cha kwanza. Kakitundika mwenyewe, juu ya bata. Nilisimama mlangoni nikavumilia, kisha nikaenda kulia bafuni kidogo, maji yakiwa yamefunguliwa.

Bi. Pelowski kapiga simu mara tatu wiki hii. Anataka nimpelekee chati. Anauliza, imekuwa zaidi ya wiki mbili? Sikumjibu vizuri. Mwanamke yule hajui kukubali kushindwa. Tangu kilele cha Alhamisi nimekwisha kuacha kuhesabu.

Nina kazi ya maana zaidi. Ziwa limeanza kuganda, na Duane na mzee wanazungumzia kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu, wiki nzima ya Januari. Januari! Nimepiga hesabu, itaangukia palepale kwenye siku zangu za utelezi. Safari hii sitashikwa tena.

Usiku wa leo, kabla ya kwenda shifti, Duane kakaa ukingoni mwa kitanda. Kanitazama usoni, kisha stika iliyo kidoleni, kisha usoni tena. Kasema polepole:

"Arlys, una kitu cha kuniambia?"

Nikamjibu kwa mamlaka kamili, chati mkononi: hakuna kitu, mwezi huu umeshapita, nenda ukavue kwa amani.

Alipoondoka tu nimeshuka chini. Mashine yake ya kutobolea barafu sasa iko nyuma ya friza.