Hodi Isiyoitikiwa Kwenye Kisiwa Kitupu

Ndugu Waundaji wa mchezo wa Kisiwa Kitupu,

Asubuhi hii mama mkwe wangu, Bi Swaumu, ametangaza sebuleni kwangu Mchafukoge kwamba haondoki Dar es Salaam mpaka yule mtu wenu aliyetupwa ufukweni na mawimbi apate kuingia kibandani. Bi Swaumu alikuja kutoka Bagamoyo kununua mapazia Kariakoo. Mapazia yamekwisha nunuliwa, yako mlangoni yamefungwa kamba. Yeye analala na binti yake, ambaye ni mke wangu Zeina. Mimi nalala kwenye kochi.

Mchezo wenyewe, anaoucheza Bi Swaumu, ni rahisi: ukigusa nazi kwenye kishkwambi, mtu anaiokota, ukigusa mlango, anaingia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kibandani hakuna wa kuitikia. Bi Swaumu hupiga hodi mara tatu, kwa sauti, hata jirani wa ghorofa ya juu husema karibu. Kibanda kimya. Basi humrudisha mtu wake ufukweni, kama adabu inavyotaka, naye hufa njaa. Kisha wanaanza upya.

2. Minazi mmeipanga mstari. Bi Swaumu anasema mnazi ulio kwenye mstari umepandwa, na uliopandwa una mwenyewe. Nazi haziguswi.

3. Nje ya kibanda mmeanika kikoi. Nilipomweleza kwa heshima kwamba kisiwa hakina watu, aliniuliza, "Na hicho kikoi, baba, kimejifua chenyewe?" Nimeandika habari miaka mingi. Nilikwenda kuchemsha chai.

4. Mtasema niguse mlango mwenyewe. Mimi ni mkwe. Siwezi kumwingiza mtu wake nyumba ya watu huku ananitazama.

Naomba kikoi kianuliwe, minazi ivurugwe, na kibanda kitiwe sauti ya kusema karibu. Iwe ya mwanamke. Ikiwa ya mwanamume, Bi Swaumu ataomba kwanza aitwe mkewe. Ikishindikana, wekeni mjumbe wa mtaa hapo kisiwani amtambulishe mgeni. Kisiwa ni kitupu. Nimethibitisha: jina lake linasema hivyo.

Wasalimieni wote ofisini kwenu, na yule wa ufukweni mpeni pole. Zeina anawasalimu.

Wenu kutoka kwenye kochi,
Abdulmajid Sheikhan

N.B. Kabla sijatuma barua hii, Zeina amegusa mlango mama yake akitia udhu. Ndani yumo mzee, amejifunika jamvi. Bi Swaumu alipomwona alisema alikuwa akinyamaza kwa aibu, maana kikoi alicho nacho ni hicho kilichoanikwa. Msibadilishe kitu. Bi Swaumu ameagiza mzee apelekewe kikoi chake na mwanamume, yaani mimi nikiguse kwenye kishkwambi, asubiriwe avae, ndipo hodi ipigwe upya na habari ya nazi izungumzwe taratibu. Mapazia ameyafungua na kuyatundika hapa hapa. Jumamosi saa nne asubuhi fundi Fikirini analeta kitanda. Ni changu. Kitakaa sebuleni.