Mgongo Wangu na wa Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Wiki ya sita tangu tupasuliwe, mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Daktari mmoja, wodi moja, kovu lile lile. Mimi mgongo uliteguka ghalani nikipakia magunia, kwa hiyo natibiwa kwa fidia ya kazini. Yeye ana duka, na bima yake mwenyewe. Leo kaja kwetu kwa miguu, bila fimbo! Mke wangu akampigia makofi. Mimi nilipoomba maji, akaniambia jikoni napajua.

Jumanne, 5 Machi
Lazima wenye bima zao wanapewa dawa za siri. Shemeji kaja tena. Alipoenda msalani nikapekua mfuko wake. Karatasi ya mazoezi tu! Ile ile niliyopewa mimi, nikaikunja kuzuia meza isiyumbe. Nikampigia muuguzi. Akasema wagonjwa wa fidia mara nyingi huchelewa kupata nafuu, sababu ni nyingi, akauliza kama mazoezi nafanya. Nikakata simu. Ana dharau yule.

Jumatano, 6 Machi
Kusema kweli, nafuu ninayo. Siri! Kesho daktari wa fidia ananipima. Akiandika kwamba magunia siyawezi tena, msimamizi kaahidi kunipa kiti cha karani wa ghala. Kiti chenye mto! Nimeshinda nikijifunza kuchechemea. Mke wangu akasema asubuhi nilichechemea mguu wa kulia, jioni wa kushoto. Nimefunga uzi kwenye wa kulia, nisisahau.

Alhamisi, 7 Machi
Nimechechemea vizuri mno. Daktari kanionea huruma hadi kanisindikiza mlangoni, kalamu mkononi. Namwona nani? Shemeji, naye kaja kupimwa na daktari wake, anapanda ngazi mbili mbili! Wauguzi wanacheka naye. Roho ikaniuma, jamani! Nikajikuta nyuma yake. Ngazi tatu tatu. Nikampita! Nikageuka nimpungie mkono. Daktari alikuwa bado chini, anaandika.

Ijumaa, 8 Machi
Barua imeletwa. Nimepona, Jumatatu nirudi kwenye magunia. Kiti cha karani kapewa mlinzi wa geti. Mke wangu analia, eti nimekipoteza kwa wivu. Wivu gani? Mimi sina wivu na mtu! Shemeji kapiga simu kunipa pole, akachomekea kwamba jana kabeba gunia la sukari dukani. Moja! Jumatatu nabeba mawili kwa mpigo, na nimemwalika aje atazame.