Nyanya Aliyekataa Kuwa Maskini

Binamu yangu Sylus ndiye mtu wa kwanza Taita Taveta nzima kuaga watu kabla hajaalikwa kokote!

Alianza kuaga Voi mwezi wa pili. Kinyozi aliagwa. Mama wa chapati aliagwa. Hata mlinzi wa lango la chuo, ambaye walikuwa hawajawahi kusalimiana, alipewa mkono na kuambiwa, "Mzee, tuombeane. Naenda summer."

"Summer ni upande gani?" mlinzi akauliza.

"Ng'ambo!"

Ukweli ni kwamba alikuwa ameona tangazo tu. Chuo kimoja cha Ulaya kilitaka wanafunzi wawili wa shahada ya kwanza waende kufanya utafiti Juni hadi Agosti, tikiti na chakula juu yao. Nafasi mbili, waombaji kama siafu! Lakini Sylus alishanunuliwa koti la baridi, na akawa analivaa. Voi! Mji ambao mjusi mwenyewe adhuhuri hutembea kwa ncha za vidole!

Daisy, mwanafunzi mwenzake aliyekwenda mwaka uliotangulia, alimshauri vizuri. "Andika unachotaka kuchunguza, kwa nini, na utakichunguza vipi. Basi."

Sylus akacheka kama mkubwa wa idara. "Daisy, wewe hujui rada. Utafiti kila mtu anao. Hawa watu wanataka machozi!"

Na wazo alikuwa nalo, tena zuri: kutega ukungu wa milima yetu kwa nyavu, ugeuke maji ya kunywa kwa vijiji vilivyokosa mifereji. Laiti angeishia hapo! Akaandika aya moja ya ukungu, kisha kurasa tatu za kilio. Kwamba yeye ni yatima wa baba na mama. Kwamba amelelewa kijijini Wusi, huko mlimani, na nyanya kipofu. Kwamba kila alfajiri aliteka maji bondeni, chui akimfuata nyuma kama mbwa wa nyumbani. Na kiangazi kikizidi, yeye na nyanya walilamba umande kwenye majani ya migomba.

Baba yake Sylus, huyo marehemu, ana duka la hadwea pale Mwatate, na ndiye aliyelipia lile koti. Mama yake, marehemu wa pili, ndiye anayeshika kaunta.

Barua pepe ikaja. Amefika hatua ya mwisho! Ila kabla ya kuamua, Dakta Tryphena, wa kamati ya chuo chao inayochuja waombaji, angepanda Wusi Jumamosi, aone mahali pa kutega hizo nyavu na kumjulia hali nyanya.

Sylus alifika mlimani siku hiyo hiyo, jasho likimtoka ndani ya koti. Mimi naishi kwa Nyanya, namsaidia kuuza kabichi, kwa hiyo sikusimuliwa.

"Nyanya, Jumamosi kuna mgeni wa chuo. Hapendi makuu. Usipike. Vaa ile leso ya shambani. Na hizi sofa tuzifiche kwa jirani."

Nyanya Mkamburi akamtazama. Huyu ni mwanamke aliyesomesha watoto sita kwa kabichi, mwenyekiti wa akina mama kanisani. Hata homa ikitaka kuingia kwake hubisha hodi!

"Mgeni anakuja kwangu," akasema polepole, "nimpokee kama mtu aliyeibiwa?"

"Kidogo tu, Nyanya."

"Nimesikia."

Sylus akarudi Voi ametulia. Hakujua kwamba kwa Nyanya, kusikia na kukubali ni vitu viwili ambavyo havijawahi kukutana hata njiani.

Jumamosi alikuja na shati alilolirarua kwapani yeye mwenyewe. Lo! Sofa zimevishwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Zulia la jirani yetu Mukonyo limetandikwa juu ya zulia letu. Kuku anachemka, chapati zimepangwa kama mnara, na Nyanya yuko ndani ya gauni la kanisani na kofia yake!

"Nyanya! Nimewaandikia kwamba wewe huoni!"

"Nani haoni? Nimekuona ukiingia bila kupangusa viatu! Na shati limeraruka, lete nishone!"

"Basi angalau funga macho!"

"Nifunge macho nimwage mchuzi?"

Honi ikalia nje. Dakta Tryphena alikuwa mwanamke mtaratibu, mwenye miwani na sauti ya chini.

"Hujambo, mama. Wewe ndiye nyanya wa Sylus? Tuliambiwa macho yana shida."

"Macho yangu? Karibu, mwanangu. Hicho kifungo chako cha pili umekitia tundu la tatu."

Dakta akajiangalia. Kweli!

"Alipona!" Sylus akaropoka. "Juzi! Ni maombi!"

Nyanya akamshika mgeni mkono, akampeleka kunawa mferejini. Alipoufungua, maji yakaruka kwa kishindo, yakamlowesha Dakta sketi.

"Haya yanatoka wapi, mama?"

"Chemchemi ya huko juu. Yalifika hapa huyu hajazaliwa."

"Na ule umande wa migomba?"

"Umefanya nini?"

"Mliokuwa mkilamba."

Nyanya akanitazama mimi, kisha akamtazama Sylus. "Tulambe majani? Sisi ni konokono?"

Sylus akawa anatazama milima kana kwamba mmoja umepotea.

"Na chui?" Dakta akauliza. Nadhani sasa alikuwa anafurahia.

"Chui gani! Huyu alifukuzwa na bata mzinga, hapo hapo uliposimama, akaangusha kiatu. Baba yake akamnunulia kingine."

"Baba yake?"

"Si huyo anaegesha gari?"

Nyanya alikuwa amealika familia! Marehemu wote wawili wakashuka kwenye pikapu na kreti ya soda.

"Dakta, utuwie radhi," akasema Mzee Ronald, baba yake Sylus. "Tulikuwa tunafunga duka."

Dakta akawashika mikono mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayepima kama ina joto.

Tulikula. Sylus peke yake alitafuna paja moja kuanzia mwanzo hadi soda zilipoisha. Baadaye Dakta akamvuta kando, karibu na gari.

"Sylus, lile wazo la ukungu ndilo lililonileta huku. Kamati nzima ililipenda. Ungeandika hilo tu, bila makaburi, leo ungekuwa unapanga sanduku. Sasa nafasi itaenda kwa mwingine."

"Dakta, naomba..." Mara ya kwanza nikamwona Sylus na machozi ambayo hakuyatunga.

"Lakini nisikuache hivi hivi. Kwa kubuni, una kipaji. Nenda Idara ya Fasihi, ghorofa ya pili. Waambie nimekutuma."

Gari likaondoka. Nyanya, aliyekuwa anakuja nyuma na papai la mgeni, alikuwa amenasa maneno ya mwisho tu. Akaliweka papai chini, akapiga vigelegele vilivyojaza bonde zima! Majirani wakatoka, Mukonyo akiwa mbele.

"Amepita?"

"Amepita! Ana kipaji! Amepelekwa Fasihi!"

Sylus akabebwa juujuu, miguu ikining'inia, uso kama wa maiti anayepongezwa.

"Fasihi!" Mukonyo akashangaa. "Ni mbali kuliko Ulaya?"

"Sijui," Nyanya akasema, akijifuta machozi ya furaha, "lakini iko juu. Ghorofa ya pili!"