Supu Niliyosema Naipika Mimi

Jumatatu, 4 Machi
Wiki ndiyo kwanza inaanza na mimi hoi. Kwenye karakana yetu ya mbao, kila Ijumaa mmoja wetu huleta sufuria ya chakula cha wote. Zamu yangu ikifika huleta supu nzito: samaki, viazi, mahindi, maziwa. Watu hukomba mpaka masizi. Anapika mke wangu. Mimi nimewaambia napika mwenyewe. Kosa liko wapi? Sufuria naibeba mimi.

Leo bosi wetu, Mama Mbao, katangaza anatafuta msimamizi. Tumebaki wawili: mimi na fundi mwenzangu tunayemwita Miwani. Halafu akasema Alhamisi jioni atapita kwangu nimfundishe ile supu. Miwani akadakia kwamba naye atakuja. Nani kamwalika?

Jumanne, 5 Machi
Nikamsihi mke wangu apike kwa siri, mimi nikoroge tu bosi akiingia. Akanijibu kuwa Miwani alishampongeza sokoni kwa kupata mume mpishi. Basi mpishi apike! Akaketi, akakunja mikono. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 6 Machi
Nimejaribu peke yangu. Samaki nikamkamulia ndimu mbili kuondoa shombo, nikamtumbukiza na ndimu yake yote, kisha maziwa. Yakakatika palepale! Madonge juu, maji chini. Nikamwaga unga wa ngano kuficha aibu. Mabonge matupu. Paka wa jirani alinusa, akanitazama, akaenda zake. Mke wangu akauliza kama nimeleta gundi ya kazini. Nimesugua sufuria saa nzima. Mgongo huu si wangu tena.

Alhamisi, 7 Machi
Akili ni nywele! Nimefunga mkono wa kulia bendeji. Nikamwambia mke wangu nimeumia, yeye atashika mwiko, mimi nitaelekeza. Akakubali upesi mno. Ningepaswa kushtuka mapema.

Wageni wakaingia. Nikaamuru ndimu. Mke wangu akamweleza bosi, taratibu, kwamba samaki hupakwa ndimu kisha huoshwa. Nikaamuru unga. Akaponda viazi viwili, supu ikawa nzito yenyewe. Maziwa akatia mwisho, moto mdogo. Nikatikisa kichwa kama niliyemfunza.

Wakati wa kuipua, sufuria ikayumba. Nikaidaka. Kwa mikono yote miwili.

Miwani akafuta miwani yake ili aone vizuri. Mke wangu akasema njia ya mwongo ni fupi, wala hakucheka. Alionekana amechoka kuliko mimi. Niliona haya, jamani. Mama Mbao akala bakuli mbili.

Ijumaa, 8 Machi
Miwani ndiye msimamizi. Mke wangu kaajiriwa kupikia karakana chakula cha mchana kila siku. Mimi niko palepale, kwenye randa na vumbi.

Asubuhi mke wangu aliniomba jambo moja tu: nisijisifu tena kwa kazi ya mikono yake. Nikaapa. Machozi yalinilengalenga, na yalikuwa ya kweli.

Mchana Mama Mbao akauliza mapazia mazuri ya sebuleni kwangu kayashona nani. Nikasikia mtu akijibu kwamba ni yeye mwenyewe. Mtu huyo alikuwa mimi. Bosi akatabasamu, akasema Jumanne atakuja na kitambaa, nimwoneshe.

Nimeitafuta ile bendeji. Bahati nzuri, bado safi.