Mama Mukwe wa Riwaya ya Tatu

Jumatatu, 9 Juni

Promota wangu, Muzee Havugimana, anayesimamia mémoire yangu, ametoa tarehe. Natetea mémoire, tasnifu ya kumalizia masomo, Ijumaa. Mada: mama mukwe katika riwaya tatu za Wahindi zilizoandikwa kwa Kiingereza. Mada nilichagua mwenyewe, kwa akili. Hapa département wote wamesoma Waingereza, nusu wamesoma Waamerika. Wahindi, hakuna hata mmoja. Mwenye kuuliza hajui, mwenye kujibu hajui. Amani tupu.

Nimesoma? Riwaya ya kwanza, yote. Ya pili, nusu. Fotokopi iliishia pale. Ya tatu, jalada, mbele na nyuma. Lakini sura yangu ya kwanza ni jiografia ya India, na imeshiba: milima, mito, mvua, mpunga. Hakuna mutu atakayefika sura ya tatu akiwa macho.

Ila mwaka jana niliahirisha. Nikianguka safari hii, nafasi ya assistant, mwalimu msaidizi, inaenda kwa mwingine. Na Tantine Généreuse, dada ya baba, amepiga simu kutoka Bukavu: ukoo mzima unapanda boti Ijumaa asubuhi, vitenge vimeshashonwa. Nimemwambia karibuni.

Jumanne, 10 Juni

Balaa. Christa, tunayesoma naye, yule anayesoma hadi maelezo ya chini ya ukurasa, amenijulisha kwamba kwenye jury, jopo la watahini, kuna msomaji mpya, mwalimu tunayemwita Chef Habarurema. Anatoka wapi? India! Amekaa mji wa Pune miaka mingi. Anatafuna pilipili kama karanga. Christa ananiambia haya kwa uso wa huruma. Ile huruma siiamini.

Nikamwomba anisimulie riwaya ya tatu, kwa kifupi tu, kama rafiki. Akanitazama.

"Papa Mirindi, kitabu hakiumi. Fungua."

Mwanamke mgumu. Nitatafuta njia nyingine.

Jumatano, 11 Juni

Njia nyingine: mtaa wa Birere, kwa Muzee Jitendra, anayeuza vipuri vya pikipiki. Muhindi halisi, na kalenda ya miungu ukutani. Nikamweleza shida: nataka kujua mama mukwe wa Kihindi anafikiri nini. Akaniuliza kama ninanunua kitu. Nikamsomea jina la riwaya. Hajawahi kulisikia. Nikamwambia, kwa upole, kwamba ni fasihi ya kwao.

"Mutoto yangu, mi nilizaliwa Bukavu. India nilienda mara moja tu, nikaugua tumbo."

Halafu akaniuliza kama mimi nimesoma vitabu vyote vya Congo. Swali la ukorofi. Nimetoka na bougie moja, plagi ya injini, na kioo cha pembeni. Pikipiki sina.

Alhamisi, 12 Juni

Christa amelegea! Nilimpelekea brochette, mishkaki ya mbuzi, za moto, na pilipili ya ndimu. Alikula zote bila haraka, akapangusa vidole, akasimulia. Mwishoni mama mukwe anakufa, na anayelia kuliko wote ni mke wa mtoto wake, yule yule aliyeteswa naye. Vizuri sana.

Vizuri kupita kiasi. Nilipofika nyumbani nikafikiri. Mbona amesema upesi hivyo? Christa haachi kitu bure. Anataka niaibike mbele ya jury! Ameniona mutu wa kijijini. Nimegeuza yote: kwenye hotuba yangu mama mukwe anapona, tena ananenepa.

Kitabu kiko hapa mezani. Ningeweza kuchungulia ukurasa wa mwisho. Lakini kuanza kitabu kwa nyuma ni kukosa adabu, na mimi nina heshima zangu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepona! Niandike kwa utaratibu.

Saa tano, ukumbi umejaa. Ukoo wangu safu mbili za mbele, kitenge kimoja, feni zote za mkono zinapepea. Nikaongea India, nikaongea mvua. Nikamnenepesha mama mukwe. Safu ya nyuma, Christa akaficha uso kwa mkono.

Zamu ya Chef Habarurema. Akafungua mémoire yangu. Ilikuwa imejaa wino mwekundu. Akaanza: marge ya kushoto, ile nafasi ya pembeni, ni nyembamba. Ukurasa fulani hauna namba. Koma, koma, tena koma. Shukrani ziwe mbele, si nyuma. Sijawahi kupenda koma namna ile. Mwishoni akaniuliza swali moja tu: kunenepa kwa mama mukwe kunaonyesha nini? Nikajibu kwa mvua. Mvua inaleta mpunga, mpunga unaleta mwili. Akatikisa kichwa muda mrefu.

Jury wakainuka, wakatoka kwenda kujadiliana. Tantine Généreuse, kuona wakubwa wanasimama, akajua mambo yameisha. Poda, ile ya kumwagia aliyefaulu! Kichwani, shingoni, masikioni, mkebe mzima. Vigelegele. Wajomba nao wakafungua mikebe yao. Nikawa natoa ishara na mikono, wakadhani nacheza. Mlango ukafunguka. Jury wakanikuta mweupe kama unga wa muhogo. Muzee Havugimana akatazama viatu vyake. Presidente wa jury, Profesa Mukagasana, alinipima juu mpaka chini, mara mbili.

"Mutu ameisha kumwagiwa poda. Sasa tutamukatalia namna gani?"

Distinction! Alama za juu.

Baadaye, kwenye Fanta za kupongezana, Chef Habarurema akanivuta pembeni. Kule Pune alisomea mbinu za kutunga mitihani. Riwaya, hapana, hakupata nafasi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kati ya hizi tatu, fupi ni ipi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimelala mpaka mchana. Usingizi wa mutu aliyeponea jury. Christa amekuja na riwaya ya tatu, akanisomea ukurasa wa mwisho, pole pole. Mazishi. Mke wa mtoto analia kuliko wote. Kumbe alisema kweli! Nimemwambia kwamba mtu mwaminifu angeapa kwanza. Amecheka mpaka akakaa chini. Halafu akanipongeza. Ninachunguza kwa nini.

Jumatatu, 16 Juni

Nafasi ya assistant ni yangu! Muzee Havugimana ameniita ofisini. Kuanzia mwaka ujao nitafundisha kozi nzima: fasihi ya Wahindi kwa Kiingereza. Mtaalamu ni mimi peke yangu, amesema. Sikutaka kumbishia muzee.

Mpango umeshakamilika. Kila mwanafunzi atapewa riwaya yake, ataisimulia mbele ya wenzake kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha ataniachia muhtasari, umepigwa mashine. Mimi nitakaa nyuma, mikono kifuani, nikisema "mm". Mwaka ukiisha nitakuwa nimezijua zote. Ile ndefu kuliko zote nimempangia mwanafunzi mmoja, Umugwaneza. Nasikia huyo anasoma kweli.